Mteja anataka nigonge muhuri mkewe akiwa Uvinza

Wasomi wenzangu, habari za kazi. Nina ofisi ndogo ya uwakili hapa Mwanga, Kigoma mjini. Mteja ambaye ameniletea kazi nyingi ameleta fomu ya benki ya ridhaa ya mwenza, kwa kuwa anataka kuweka rehani nyumba wanayoishi. Fomu imekwisha kusainiwa, na anasema mkewe yuko Uvinza kwenye msiba, hivyo nimpigie simu nimsikie kwa sauti yake, kisha nigonge muhuri kwa tarehe ya mwezi uliopita ili ilingane na barua ya mkopo. Namkatalia vipi bila kumpoteza?

Jibu, wakili wa Tabora

Ndugu msomi, simu haikusaidii. Soma maneno yaliyo juu ya sahihi yako: "Imesainiwa mbele yangu hapa Kigoma na fulani, ambaye ametambulishwa kwangu na fulani ninayemfahamu binafsi, leo tarehe…" Mwanamke aliye Uvinza hakusaini mbele yako. Kwa viapo, kifungu cha 8 cha Sheria ya Mthibitishaji wa Umma na Kamishna wa Viapo, Sura ya 12, kinakutaka ueleze kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipotolewa, na sioni kwa nini ridhaa ipewe uzito mdogo zaidi. Hilo la tarehe ya nyuma ndilo baya kuliko yote, kwa sababu la simu mtu anaweza kusema alighafilika, lakini tarehe unaiandika kwa mkono wako ukijua si kweli.

Mweleze mteja kwamba unailinda rehani yake mwenyewe. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na mama huyo akija kusema mahakamani kwamba sahihi si yake, wa kwanza kuitwa shahidi ni wewe. Kama hawezi kurudi upesi, apewe fomu safi aisaini mbele ya kamishna wa viapo mwingine aliye karibu naye.

Jibu, wakili wa Kasulu

Naongeza jambo ambalo wengi hulipita. Hata mama akifika, ni nani atakayemtambulisha? Mara nyingi ni mume huyohuyo mwenye haja na mkopo, naye anaweza kukuletea mwanamke yeyote. Dai kitambulisho cha taifa, cha NIDA, linganisha picha na jina la kwenye cheti cha ndoa, kisha mwombe mume akasubiri nje. Msomee mama fomu taratibu, na kama Kiha ndiyo lugha anayoielewa vizuri, tafuta mkalimani asiye ndugu wa mume. Nimewahi kumsikia mama akiuliza, baada ya kusomewa, "Kumbe nyumba inaweza kuuzwa?" Siku hiyo hakusaini, na mume alinuna.

Tena, kama wewe ndiwe wakili wa benki katika mkopo huo, kifungu cha 7 cha Sura ya 12 hiyohiyo kinakuzuia kuapisha viapo vyake.

Mwuliza swali

Ahsanteni sana. Si wakili wa benki. Nimemrudishia fomu yake bila alama yoyote na kumwambia mkewe afike na kitambulisho, nami nitaandika tarehe ya siku hiyo. Amesema atatafuta wakili mwingine.

Wakili wa Tabora

Mwache aende.