MJADALA: Canal+ kaimeza MultiChoice, Sauzi wameandikiwa masharti, sisi wa huku tumeandikiwa nini?

Wakuu habari za muda huu.

Hii mada nimekaa nayo muda mrefu, nimeamua kuileta kwa sababu kila nikiona watu wanaiongelea wanaiongelea kama habari ya matajiri wawili huko mbali, Mfaransa kanunua kampuni ya Sauzi, basi, sisi tuendelee kulipia kifurushi mwisho wa mwezi. Mimi nasema inatuhusu, na wengine inatuhusu mpaka kwenye sahani ya chakula.

Kwa ambaye hakufuatilia. Tarehe 22 Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilishika rasmi usukani wa MultiChoice, yaani DStv, GOtv, Showmax, SuperSport pamoja na chaneli zote za Maisha Magic tunazozijua. Ukiwajumlisha wateja wa pande zote mbili ni zaidi ya milioni 40 kwenye nchi karibu 70 za Afrika, Ulaya na Asia. Na hawakuamka tu siku moja wakanunua. Walianza 2020 kuokota hisa pale soko la Johannesburg, haba na haba, kila baada ya muda unasikia wameongeza nyingine, watu wanaona kawaida tu, mwanzoni mwa Februari 2024 wakaja na ofa ya randi 105 kwa hisa moja, bodi ya MultiChoice ikakataa ikasema hiyo bei ni ndogo, siku hizo hizo wakavuka asilimia 35, na sheria ya Sauzi inasema ukivuka hapo ni lazima uwatangazie bei wanahisa wote waliobaki, mwisho wakapandisha mpaka randi 125. Mpaka dirisha linafungwa wana zaidi ya asilimia 90 ya kampuni.

Sasa hapa ndo pananiuma. Sheria ya utangazaji ya Sauzi hairuhusu mgeni kuwa na zaidi ya asilimia 20 ya kura kwenye kampuni yenye leseni ya kurusha matangazo. Kwa hiyo ilibidi leseni na wateja wa Sauzi vitengwe kwenye kampuni yake, wameiita LicenceCo, na wengi wa wamiliki wake ni Waafrika Kusini weusi. Halafu Baraza lao la Ushindani likakaa, tarehe 23 Julai 2025 likaruhusu muungano LAKINI kwa masharti: hakuna kupunguza wafanyakazi kwa miaka 3, na kuna fungu la kama randi bilioni 26 kwa miaka hiyo 3 ambalo ndani yake kuna hela ya vipindi vya nyumbani, hela ya michezo, na kazi za kupewa makampuni madogo ya weusi. Imeandikwa, imesainiwa, ikivunjwa kuna pa kwenda kushtaki.

Masharti hayo yanaishia mpakani kwao. Sisi wa Dar, Nairobi, Kampala, Kigali tunalipa kila mwezi kama wao. Nani alikaa mezani kwa niaba yetu akasema na huku andikeni?

Niseme nimesimama wapi ili msinielewe vibaya. Mimi ni mtu wa sauti, nashika bumu (ile fimbo ndefu yenye maiki) kwenye tamthilia hapa Dar, mwaka wa tisa huu. Wengi mnaona epi ya dakika 25 mnadhani ni mchezo. Tunaingia location saa 12 asubuhi, mara nyingi ni nyumba ya kupanga huko Kigamboni, kitu cha kwanza mimi nachomoa friji kwa sababu linaguruma, feni zinazimwa, madirisha yanafungwa, watu 20 sebuleni, jasho linamtiririka mtu wa mekapu kuliko mwigizaji. Dairekta anasema akshen, dada anaanza kulia, analia vizuri kweli, bodaboda inapita nje, naomba samahani, tunarudia. Siku nzuri tunatoa sini 12. Siku ya mvua ya bati unatoa mbili, unakaa na maiki mapajani unasikiliza mvua.

Hela ya hiyo kazi ina safari yake. Chaneli inamlipa prodyuza, prodyuza anatulipa sisi. Kuna kazi moja nilifanya, sitaitaja ya nani wala ya chaneli gani, bajeti ya kila epi ilipunguzwa katikati ya msimu, tukaambiwa sauti abaki mtu mmoja badala ya wawili. Mwenzangu aliyetolewa ndo alikuwa anabeba bumu, mimi nakaa kwenye mixa. Kuanzia hapo nikawa nabeba bumu huku mixa imening'inia shingoni, na nikikosea hakuna wa kunishtua. Prodyuza hakuwa na ubishi, angebishana na nani wakati mwenye kununua ni mmoja na foleni nyuma yake ni ndefu.

Ndo maana mimi kampuni zikiungana sianzi na swali la bei ya kifurushi. Nahesabu milango. Mtu wa Dar mwenye tamthilia yake mkononi anaenda kugonga wapi? Maisha Magic Bongo, Azam, StarTimes, akishindwa YouTube. Hiyo ndo mitaa yote. Kwetu Canal+ hakuwepo kwa hiyo kwa hesabu ya haraka mlango haujapungua, nakubali. Ila nenda Kigali, nenda Goma, nenda Bujumbura, huko Canal+ na DStv walikuwa wanagombania paa moja, dishi la huyu na dishi la yule, leo yote mawili bosi wake mmoja.

Na angalieni anavyokua huyu bwana. Yeye hanunui ving'amuzi peke yake, ananunua na wanaotengeneza. 2019 alinunua studio za ROK za Nigeria, 2022 akachukua sehemu kubwa ya Zacu Entertainment ya Rwanda. Mwaka huohuo wa 2019 huko Ulaya alinunua M7, kampuni ya TV za kulipia, kwa zaidi ya yuro bilioni moja. Yaani anayetengeneza ni wake, chaneli ni yake, setilaiti analipia yeye, king'amuzi kinachokaa juu ya kabati lako ni chake. Prodyuza wa Sinza anaingiaje kwenye mnyororo wa hivyo, anaingia kama nani?

Halafu kuna la habari. Mwenye nguvu kwenye Canal+ ni familia ya Bolloré. 2016 waandishi wa i-Télé, chaneli ya habari ya kundi hilo kule Paris, waligoma siku 31 wakipinga jinsi inavyoendeshwa. Mgomo uliisha, waandishi kama mia moja wakaondoka, na Februari 2017 chaneli ikabadilishwa jina ikawa CNews, na leo kila Mfaransa anajua inaegemea mrengo wa kulia wa siasa. Sisemi watakuja kufanya hivyo huku, nasema ukubwa wa kampuni ndo unampa mtu uwezo wa kuvumilia mgomo wa mwezi mzima bila kutikisika.

Naomba kuwasilisha, karibuni tujadili.

...

Nimerudi. Nimesoma majibu yote, ahsanteni kwa michango, nijibu yale mazito.

Mkuu mmoja kasema MultiChoice ilikuwa inakufa, bora amepatikana wa kuiokoa kuliko ifungwe wote tukose. Hili sibishi hata kidogo na nadhani ndo hoja nzito kuliko zote zilizoletwa hapa. Machi 2024 hesabu zao zilionyesha madeni yamezidi mali. Machi 2025 walikuwa wamebaki na wateja milioni 14.5 hivi, ndani ya miaka miwili walikuwa wamepoteza kama milioni 2.8. Naira ya Nigeria ilianguka, hela wanazokusanya kule zikifika Johannesburg zimekuwa makombo, wakati haki za mpira wanalipia kwa dola. Kampuni ya namna hiyo haiwezi kuja kuongeza bajeti ya epi ya Kiswahili, ndoto hiyo. Kwa hiyo kununuliwa sipingi! Wanaosema nataka DStv ife warudi wasome nilichoandika. Ninachosema, Sauzi nao walijua mgonjwa yuko mahututi na bado walimwambia daktari andika hapa utamhudumiaje. Kuumwa kwa kampuni hakukuwazuia kudai.

Mwingine kauliza mbona Azam simsemi, au kwa sababu ni wa nyumbani. Swali la haki. Azam 2021 walisaini na TFF, shirikisho letu la mpira, kurusha ligi kuu miaka 10 kwa shilingi bilioni 225.6, na mimi ni shabiki wa mpira, najua hiyo hela imebadilisha nini, timu za mikoani zilikuwa zinasafiri kwa kuungaunga. Ila ndiyo, mwenye ligi ana king'amuzi, mwenye king'amuzi ana chaneli za tamthilia, ni mnyororo uleule kwa kipimo cha nyumbani. Tofauti ninayoiona mimi ni moja tu, huyu ofisi yake ipo Tabata, ukidhulumiwa unapanda daladala. Na tume inayoweza kumhoji ipo hapahapa nchini. Bosi wa Paris anahojiwa na nani? Hilo ndo swali langu toka mwanzo, na lingekuwa lilelile hata angekuwa Mchina au Mwarabu.

Kuna dada kasema dunia imehamia YouTube, ving'amuzi ni mambo ya wazee, tupeleke kazi zetu huko tuachane na milango ya watu. Dada yangu nimefanya kazi za YouTube, nazipenda, kuna vijana wanaishi kwazo. Lakini tamthilia ya sini 12 kwa siku, nyumba, jenereta, watu 20 wa kula mchana, huwezi kuibeba kwa hela ya matangazo ya YouTube ya watazamaji wa Bongo, tumejaribu, tuliishia kupiga epi 6 za dakika 10 na simu mbili. Sio kazi mbaya ila ni kazi nyingine. Na bibi yangu kule Lushoto hanunui bando, anakaa kwa jirani mwenye dishi saa moja jioni.

Sasa lile la mkuu aliyesema serikali zikiweka masharti mwekezaji atafunga virago. Mkuu, Sauzi wameweka masharti makali kuliko yoyote tunayoweza kuyafikiria sisi na Canal+ hakukimbia, alikaa zaidi ya mwaka mzima akijadiliana nao. Kwa sababu analihitaji soko. Na soko la Kiswahili je? Maxime Saada, mkuu wa Canal+, hoja yake siku zote ni kwamba ukuaji uko Afrika. Huo ukuaji ni sisi. Watu wa Dar, Mombasa, Lubumbashi, lugha moja, tamthilia moja inaeleweka nchi tano bila kutafsiri. Hiyo ni karata, ila ukiishika mkononi bila kuicheza haikusaidii.

Tena lipo jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Kampuni ikiwa kubwa hivi inaweza kununua tamthilia moja ya nje, ikaitia sauti lugha kumi, ikarusha kila mahali. Mimi mtu wa sauti najua gharama, kutia sauti ya Kiswahili kwenye epi ya Kituruki ni sehemu ndogo sana ya kupiga epi mpya. Mhasibu yeyote akiletewa hizo hesabu mbili anajua atachagua ipi. Kinachomzuia ni masharti au watazamaji kugoma, na watazamaji wanazipenda za Kituruki, mama watoto wangu akiwa wa kwanza.

Na mwisho maktaba. Mikataba niliyowahi kuonyeshwa na maprodyuza, epi ikishalipwa inakuwa ya mnunuzi moja kwa moja, milele. Kwa hiyo kampuni inapouzwa, kazi za miaka yote zinahama nazo. Nyumbani nina diski moja ya sauti mbichi, ndani yake kuna mzee mmoja mwigizaji, sasa marehemu, anasoma sini yake mara nne mfululizo kwa sababu jogoo wa jirani alikuwa hanyamazi, na mara ya nne anaweka kituo anacheka kwanza halafu anaendelea. Hiyo ya nne ndo ilirushwa. Epi yenyewe leo ni mali ya nani, iko kwenye sava ya nchi gani, mtoto wake akitaka kuiona aende wapi? Hilo nalo lilikuwa la kuandikwa. Kazi irudi kwa aliyeitengeneza baada ya miaka kadhaa, Talent Factory ya Nairobi iliyoanza 2018 iendelee kuchukua vijana wetu, idadi ya saa za vipindi vya Kiswahili vipya kwa mwaka itajwe kwa namba.

Aliyeko Tume ya Ushindani, au Mamlaka ya Mawasiliano, au aliye karibu na watu wa Kenya na Rwanda, kama kuna barua yoyote ya masharti iliandikwa kwa upande wetu tuwekee hapa, nitaisoma mstari kwa mstari. Kama haipo, niambieni inaandikwa na ofisi gani, sisi wa kruu tuko tayari kuisaini kesho asubuhi kabla ya kwenda location.