MREJESHO: Ramani ya mitaro, QGIS au ya kwenye kivinjari?

Wakuu, niliuliza namna ya kuwapa wajumbe wa mtaa wetu hapa Dar ramani ya mitaro ya maji ya mvua niliyoichora kwenye QGIS (programu ya ramani ya kompyuta), ilhali wengi wao wana simu tu. Asanteni wote, hata aliyesema niprinti (tumeprinti pia, imebandikwa ofisini).

Nimeishia kutumia zote mbili, QGIS na ramani ya kwenye kivinjari. Data yenyewe inakaa kwenye kompyuta kama GeoPackage, yaani data yote ya ramani ndani ya faili moja. Shapefile, muundo wa zamani unaogawa data ya ramani kwenye faili kadhaa, nimeachana nayo: ukimtumia mtu .shp peke yake kwa WhatsApp bila .dbf na .shx, hapati kitu cha maana, na majina ya safu yakizidi herufi 10 yanakatwa. Kwa ajili ya watu natoa GeoJSON (faili ya ramani inayosomeka kwenye wavuti), naipandisha uMap (tovuti ya kutengeneza ramani za kwenye kivinjari), natuma linki. Mjumbe anagusa mtaro, anasoma "umeziba, taka za plastiki", basi. Kuhariri nimewafungia.

Aliyetaja Arc 1960 (mfumo wa zamani wa kuonyesha mahali kwenye ramani za Afrika Mashariki) alinisaidia mno. Data ya zamani tuliyopewa iko UTM zoni 37 Kusini (vipimo vya mahali kwa mita) kwa Arc 1960. Ukiichukulia kama WGS 84 (mfumo wa GPS), mtaro unahama mamia ya mita na kupita sebuleni kwa mtu. Sasa wakati wa kuhifadhi GeoJSON nachagua EPSG:4326 (namba ya WGS 84 kwa latitudo na longitudo), QGIS inageuza yenyewe.

Hesabu za nyumba zilizo jirani na mtaro bado nafanyia QGIS. Kinachonisumbua kwa sasa ni picha: mnazihifadhi wapi ili zifunguke haraka kwenye simu za bando dogo?