Mrejesho: sakafu iliyopasuka, Kawempe (Kampala, Uganda)

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza nani atengeneze sakafu ya nyumba ninayopanga. Saruji ilipasuka na unyevu ukawa unapanda. Mkanielekeza kwenye Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022: nyumba lazima ifae kukaliwa na binadamu, na uchakavu wa kawaida si mzigo wa mpangaji.

Mama mwenye nyumba alikataa, tukaenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Fundi akachimba pembeni kidogo tu: chini ya zege hapakuwa na karatasi ya nailoni ya kuzuia maji. Mama akanyamaza, kisha akakubali. Imemwagwa upya kwa gharama yake.

Vigae viwili vya jikoni nilivyovunja kwa mtungi wa gesi nimelipa mimi, ni haki yake. Asanteni mno, wanangu sasa wanalala pakavu.