Mrejesho: mafundi tisa, miradi mitatu Kigoma

Wakuu, niliwauliza nifanyeje: mafundi tisa, visima vinachimbwa Kasulu, Uvinza na Kibondo, na fundi pampu mmoja anatakiwa kote. Mkaniambia niachane na faili tatu za Excel, watu wote niwaweke kwenye orodha moja ya pamoja ndani ya Microsoft Project, programu ya kupangia kazi za miradi.

Nimefanya. Siku ya kwanza tu, kialama chekundu cha mtu kikatokea pembeni ya kazi za fundi pampu: Jumanne moja nilikuwa nimempangia saa 16 za kazi! Iliniuma, maana kijana hajawahi kulalamika. Nikaiamuru programu isawazishe kazi zake zisigongane, ya Kibondo ikacheleweshwa siku nne.

Ila barabara programu haizijui. Siku za safari nimeziingiza mwenyewe kama kazi.

Asanteni mno.