YULE DALALI WA VYOMBO LEO KANIMALIZA

Wakuu, naandika nguo bado zinachuruzika. Simtaji jina. Mnamjua, yeyote aliyetafuta mashua ya mkononi kwa pesa ya kuungaunga kapita kwake. Yule wa mswaki mdomoni saa zote.

Akaniambia: "Mtiki mtupu, ya mzee mmoja mswalihina." Milioni tatu zikaondoka. Rangi ya bluu mpya, chini yake deheni, yale mafuta yenye chokaa ya kupaka tumbo la chombo, tabaka juu ya tabaka, nadhani kuna nyingine ya enzi za Sultani.

Tukaishusha. Maji haya hapa kwenye vifundo. Jamaa yuko mchangani anatafuna korosho, ananiambia: "Kijana, mbao zinakunywa kwanza." ZINAKUNYWA! Kandambili yangu inaelea inauzunguka mlingoti, kalafati, zile pamba za kuziba nyufa za mbao, inachomoka kama tambi, yeye korosho. Namwita, ananirushia kopo tupu la rangi. Lile lile la bluu! Maji magotini, anadai udalali wake. "Zinakunywa kwanza." Zilikuwa zinakunywa Bahari ya Hindi nzima!

Kusi_Kali: Hapo hajakudanganya mkuu. Chombo kikikaa juani mbao zinakauka, zinaachana. Unakiacha majini siku kadhaa, zinavimba, zinabanana. Ulitaka ushushe na kutweka tanga hapo hapo uende Mafia?

Mleta uzi: Ubavuni naingiza kidole kizima. Huo mwanya unavimba lini?

Chaza77: Mtu wa Dodoma kanunua mashua 😂😂 utaiegesha bwawani Mtera?

Nahodha Mstaafu: Ulinunua rangi. Ubao unagongwa nyundo, ukilia bubu umeoza. Mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, na mataruma, mbavu zake, unachoma kisu. Wadudu wa bahari wanakula ndani kwa ndani, nje unaona vitundu vya sindano tu.

Mleta uzi: Korosho wakuu. KOROSHO.

Mama Foromali: Afadhali wewe. Mimi nimeuziwa tanga, kumbe katikati kashonea turubai la kuanikia mahindi. Upepo wa kwanza tu, chwaaa!

Chaza77: Na lilikuwa bado na mahindi? 😂

Bandari Salama: Nyie hamjauziwa mashine ya kupachika. Aliiwasha kwenye pipa la maji, ikanguruma vizuri mpaka nikamwongeza ya soda. Nje ya mwamba kimya. Nimerudi kwa kasia.

Mama Foromali: Fundi mwenye jino la dhahabu?

Bandari Salama: Simtaji.

Mama Foromali: Ana pesa yangu ya propela huyo tangu Ramadhani! Yuko wapi siku hizi?