Nahamia Faza kikazi Januari: mtaboti, maji na nyumba

mwalimu_bara

Assalaam aleikum. Nimepangiwa kufundisha Faza, kisiwa cha Pate, kuanzia mwanzo wa Januari. Tunakuja wanne: mimi, mke wangu na watoto wawili wa miaka 5 na 9. Kufika Mokowe kwa basi na kuvuka hadi mjini Lamu najua. Kutoka hapo mbele sijui. Naomba wenye kuufahamu upande huo wanieleze haya:

1. Mtaboti (boti ya injini ya abiria na mizigo) wa Lamu kwenda Faza huondoka saa ngapi? Kila ninayemuuliza ananipa saa tofauti.
2. Maji ya kunywa yanapatikanaje, na ninunue tangi la ukubwa gani?
3. Nikionyeshwa nyumba ya kupanga, niangalie nini?

Mizigo ni magodoro matatu, jiko la gesi, masanduku manne na vitabu vingi.

tanga_mbili

Waaleikum salaam, mwalimu. Hao waliokupa saa tofauti hawakukudanganya. Mtaboti haufuati saa ya ukutani, unafuata maji. Njia ya ndani kutoka Lamu inapita Mkanda, mfereji ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, na mahali pengine maji yake ni machache sana yanapokupwa. Chombo kilichopakia saruji, unga, soda na abiria hakipiti hapo ila maji yakiwa yamejaa au yanakaribia kujaa. Njia nyingine ni kuzunguka Manda kwa nje, bahari kuu, na huko sikushauri uende na watoto na magodoro.

Saa unaweza kuikisia mwenyewe kwa mwezi wa Kiislamu. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji ya Lamu hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, jioni na alfajiri, na hukupwa saa nne hivi, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 kwa wastani. Tarehe 5 ya mwezi yatajaa kwenye saa mbili, tarehe 8 kwenye saa nne na nusu, na ikifika tarehe 15 umerudi kwenye saa kumi. Hicho ni kipimo cha kupangia safari, si cha kuendeshea chombo. Siku za bamvua (maji makubwa, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu) ongezeko huwa dogo, dakika 40 au pungufu, na siku za maji mafu (maji madogo, karibu na tarehe 7 na 22) linaweza kupita saa nzima. Jioni ya kuamkia safari, uliza bandarini.

Kwa hiyo, ukisafiri wakati wa bamvua, usitegemee mtaboti wa asubuhi. Saa nne maji yamekauka. Chombo kitaondoka baada ya adhuhuri, ufike magharibi. Ukisafiri karibu na tarehe 7 au 22, utaondoka asubuhi na kufika mchana. Kwa mtu mwenye familia na mizigo ningechagua siku hizo. Zina kasoro moja: maji mafu yakijaa hayafiki juu kama ya bamvua. Bamvua tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3 na zaidi, maji mafu ni mita 1 na kitu. Chombo kilichopakia kupita kiasi kinaweza kugusa chini hata kwenye kilele cha maji, basi ukiona kimezama hadi ukingoni ngoja kingine.

Tazama pia kama mnaingia Mkanda maji yakijaa au yakikupwa. Nahodha mwenye akili huingia maji yakijaa, kwa sababu akigusa fungu la mchanga, baada ya nusu saa maji yatamwinua. Akigusa maji yanapokupwa amepwelewa, na hapo mtakaa mpaka maji yaende na yarudi, saa sita au zaidi, juani, pamoja na watoto. Ndiyo maana chukueni maji ya kunywa lita 2 kwa kila mtu hata kama safari ni fupi.

Kwa mtaboti hesabu mwendo wa saa 3 hadi 4 mpaka Faza. Januari ni msimu wa upepo wa kaskazi, na mkielekea Faza upepo unawajia usoni, kwa hiyo mawimbi huruka ndani kuanzia omo, yaani mbele ya chombo. Kaeni karibu na tezi, yaani nyuma, upande wa demani, usiopigwa na upepo. Magodoro yafungwe kwa turubai, si kwa shuka. Vitabu viwekwe kwenye mapipa ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, yale ya buluu, maana sanduku la mbao huketi kwenye ngama, chini ya chombo maji yanakokusanyika, na kunyonya maji kutoka chini. Mifuko ya plastiki ya kubebea usije nayo, imepigwa marufuku Kenya tangu 2017. Kila mtu avae jaketi la uokozi kabla chombo hakijatoka, na kwa watoto uliza mapema, mara nyingi yaliyopo ni ya watu wazima. Kama huna hakika, nunua mawili ya watoto Mombasa.

Uliza pia kama kuna amri ya kutosafiri baharini usiku. Hutolewa na kuondolewa kulingana na hali ya usalama, na ikiwepo chombo cha bamvua kinachochelewa hulala njiani.

BintiSiyu

Karibu sana, mwalimu. Nyongeza kwa aliyosema tanga_mbili: si lazima ufike Faza kwa bahari. Mitaboti mingi huteremsha watu Mtangawanda, gati la upande wa magharibi wa Pate, mwendo wa saa 2 hivi kutoka Lamu. Hapo zipo bodaboda za kwenda Pate, Siyu, Faza hadi Kizingitini. Kwa mtu mmoja mwenye begi hiyo ndiyo njia bora, kwa sababu Faza yenyewe imezungukwa na mikoko na tope, na maji yakikupwa chombo hakifiki karibu. Unateremkia kwenye mashua ndogo au unatembea topeni.

Kwenu ninyi ningegawa: mama na watoto wateremke Mtangawanda, wewe uendelee na mizigo mpaka Faza. Mvua za masika zikianza mpango huu haufai, barabara huteleza na bodaboda hukwama.

Yeyote anayetembea topeni avae viatu vya kufungwa, si ndara. Tope la mikoko lina makombe ya chaza yanayokata kama wembe, na ndara hunaswa ukabaki peku. Kwenye mchanga chini ya maji, buruta miguu badala ya kuinua, ili taa, samaki bapa mwenye mwiba wa sumu, aliyejifukia asikie na kuondoka. Akimchoma mtu, kitie kidonda kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, dakika 30 hadi 90, kisha hospitali ya Faza. Moto ndio unaoipunguza nguvu sumu yake.

Sasa maji, na hili ndilo linalonihangaisha kwa ajili yenu, kwa kuwa mnakuja Januari. Visiwa hivi havina mto. Mvua kubwa huanza Aprili, na mwezi wa Mei peke yake huleta karibu theluthi ya mvua ya mwaka. Januari hadi Machi ni kama hakuna kitu. Mtafika wakati watu wanaanza kupima maji yaliyobaki, na tangi jipya mtakaloweka halitaingia tone mpaka masika.

Maji yapo ya namna mbili. Ya kisima, ambayo sehemu nyingi ni ya chumvichumvi. Na ya mvua, yanayowekwa kwenye majabia: uwanja wa saruji ulioinamishwa, maji yanateremka kwenye shimo lililojengwa chini ya ardhi na kufunikwa. Kosa la wageni ni kutumia maji ya mvua kwa kila kitu. Piga hesabu. Watu 4 kwa lita 20 kila mmoja ni lita 80 kwa siku. Kutoka Januari mpaka katikati ya Aprili ni siku 100 hivi, yaani lita 8,000. Lakini kunywa na kupika ni lita 5 kwa mtu, lita 20 kwa siku, lita 2,000 kwa msimu wote. Basi kuoga, kufua na kudeki kuwe kwa maji ya kisima, na ya mvua yaingie sufuriani na kwenye mtungi wa kunywea tu. Sabuni itagoma kutoa povu kwenye maji ya chumvi. Suuza nguo mara ya mwisho kwa maji kidogo ya mvua, zisibaki ngumu na nyeupe.

Kwa hiyo tangi la lita 2,500 linawatosha, ila mlijaze kwa kununua. La muhimu ni hili: ongea na mwenyeji wako kabla hujasafiri, ujue jabia gani lina maji na nani anauza. Maji huletwa na punda kwa mitungi ya lita 20. Tafadhali usikubali apakiwe zaidi ya miwili, hizo ni kilo 40, na mgongo wake ukichubuka hauponi upesi.

Ya jabia tieni dawa ya klorini: kwa maji maangavu, kifuniko kimoja kwa lita 20, msubiri dakika 30, lakini someni chupa kwa kuwa nguvu zinatofautiana. Maji yenye vumbi yachujeni kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, la sivyo uchafu unaimaliza dawa kabla ya kufika kwa vijidudu.

mwalimu_bara

Nimeshukuru sana. Mwenyeji anasema kuna nyumba mbili. Moja ina paa la makuti, ni pana, ina ua na kisima chenye pampu. Ya pili ni ya mabati, vyumba viwili, haina kisima. Mke wangu anapenda ya makuti kwa sababu ya joto. Mnashaurije?

fundi_chokaa

Chukueni ya mabati, mwalimu. Nasema hivi nikijua vizuri joto lake la saa nane mchana.

Kwanza ni moto. Nyumba za mji wa Faza zimebanana, na kaskazi hupuliza hasa miezi mtakayofikia. Cheche ikirukia makuti makavu haingoji ndoo. Mwaka 2009 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Faza kwa njia hiyo, paa hadi paa. Mkiamua makuti kwa vyovyote, jiko likae nje uani, upande ambao upepo unautoa moshi mbali na paa, na mchanga ndoo mbili ziwe hapo daima.

Pili ni maji. Makuti hayavunwi maji, yanatoka ya rangi ya chai na yana uozo. Bati mita 6 kwa 8 ni mita za mraba 48. Kila milimita ya mvua inaleta lita 48, toa moja ya tano inayopotea, inabaki 38. Kwa mvua ya Lamu, milimita 900 hivi kwa mwaka, ni zaidi ya lita 34,000. Tangi lenu la 2,500 litajaa kwa mvua chache za Aprili. Mvua ya kwanza msiiruhusu iingie: lita 50 za mwanzo kwa paa hilo ni kinyesi cha ndege, vumbi na chumvi ya bahari. Fanyeni bomba la mfereji liweze kuchomolewa, limwage nje dakika kumi za kwanza, ndipo mlirudishe. Mdomo wa tangi ufungwe wavu wa mbu.

Joto linapungua mkiweka dari ya mikeka au mbao na kuacha nafasi ya shubiri mbili chini ya bati, na matundu pande zote mbili za ukuta upepo upite juu ya dari. Misumari iwe ya mabati iliyopakwa zinki na yenye mpira; ya kawaida hutoboka kutu kwa hewa ya bahari, na bati huanza kuvuja kwenye tundu la msumari.

Halafu kile kisima chenye pampu kisiwavutie. Maji baridi ya kisiwa hukaa kama utando mwembamba juu ya maji ya bahari yaliyomo ardhini. Ukiteka kwa ndoo, utando unajirudia. Ukivuta kwa pampu saa mbili mfululizo, chumvi inapanda kutoka chini, na kuiondoa si kazi ya siku moja. Kionjeni wenyewe, asubuhi kabla pampu haijawashwa na tena jioni baada ya kuvuta. Ladha ikibadilika, hicho kimeshaharibiwa.

Kuta: pitisha kiganja chini, usawa wa goti. Ukipata unga mweupe na plasta inayopukutika, ni chumvi inayopanda na unyevu. Kama ukuta ni wa mawe ya tumbawe, uliza umepakwa nini. Chokaa hupumua, unyevu unatoka. Wakipaka saruji juu yake inaonekana safi mwaka mmoja, kisha inajitenga kama ganda la yai na ukuta unaoza nyuma yake. Nyumba kama hiyo msiweke vitabu ukutani. Rafu isimame shubiri moja mbele, upepo upite.

Jiko la gesi lipakwe mafuta ya kupikia kidogo kwenye skrubu kila wiki. Mpira wake upinde uangalie nyufa, na ununue wa akiba Mombasa. Mtungi njoo na miwili ya kilo 6, kwa sababu ukiisha siku ya maji mafu unaweza kungoja chombo siku mbili tatu.

BintiSiyu

Naungana na fundi. Na mwalimu, kabla hujalipa kodi, mpeleke mke wako kwanza akawasalimie majirani, nyumba kwa nyumba, hodi mlangoni na kungoja aitikiwe. Atakayemwonyesha kisima cha kuoga, saa ya kuteka na mwenye jabia la uaminifu ni wao, si mwenye nyumba. Avae kanga au buibui, na wewe usiingie ua wa mtu kama wanaume hawapo.

Mboga za majani njooni na mbegu zake: mchicha na kunde vinaota kwenye ndoo kwa maji ya kuoshea mchele. Zinazouzwa nyingi hutoka bara, Mpeketoni, na chombo kikichelewa hufika zimenyauka. Samaki hamtakosa.

tanga_mbili

Mwalimu, ukishajua tarehe ya kuripoti kazini iandike hapa, tuitazame pamoja inaangukia tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu. Ikiangukia bamvua, njoo Lamu siku nne tano mapema.

mwalimu_bara

Tumekubaliana ya mabati. Tarehe nitaiandika nikipata barua. Mbegu na jaketi za watoto nimeshaziweka kwenye orodha ya Mombasa.