Chensoo feki naijuaje?

Wakuu habari, nipo Dodoma mjini natafuta chensoo (msumeno wa injini) ya Stihl niipeleke Kondoa, kuna duka wananiuzia nusu ya bei ya kwingine na jamaa anaapa ni ogino, nitajuaje?

— Bei yenyewe si imeshakujibu 😂 cheki namba ya mashine, ogino tarakimu 9 zimegongwa kwenye bodi, ukiona stika tu kimbia.

— Ila usikatae kisa umeona imeandikwa China, Stihl ni Wajerumani ila wana kiwanda Qingdao, hukohuko China.

— Mi nililizwa na grinda, nyepesi kama kopo, siku ya tatu moshi, fundi kufungua koili ni aluminiamu imepakwa rangi ya shaba!

— Daah. Kesho naenda na fundi.